Mipini ya Dougal Rennie

Wahenga waliposema kila ndege huruka kwa ubawa wake, hawakuwa wanawaza gofu. Lakini lau wangefika Balcarrick, mji mdogo wa Uskoti unaochapwa na upepo wa bahari mwaka mzima, wangemkuta Ishbel Rennie na kupata ushahidi wao.

Baba yake Ishbel, Dougal, alikuwa mchonga mawe mwenye viganja kama sahani. Alipofariki dunia alimwachia binti yake fimbo zake za gofu, kwani kwao fimbo za mzazi hurithiwa kama shamba. Ishbel alitamani kuliko kitu chochote kushika nafasi ya baba yake katika timu ya mji. Shida ni kwamba kila alipopiga, mpira ulianza vizuri, kisha ukapinda kulia na kutokomea katika vichaka vya miiba.

"Wewe Ishbel, mpira wako umeposwa huko vichakani?" nahodha Lorne Petrie alimtania. Kisha akaacha mzaha. "Kesho nateua timu. Baba yako nilimpenda, lakini sichagui watu kwa jina la marehemu."

Ishbel alirudi nyumbani macho mekundu. Shangazi yake Senga, dada wa Dougal, alikuwa jikoni akikoroga supu ya samaki wa moshi.

"Hebu shika hiyo fimbo nikuone," alisema. Akakitazama kiganja cha kushoto. Vidole vilikuwa vimeishia njiani. "Salale! Umeshika fimbo au umekumbatia gogo? Ncha za vidole ziguse kiganja kidogo tu. Zikiacha pengo, mikono haigeuki upesi, mpira unakimbilia kulia. Zikichimba nyama, unakimbilia kushoto. Mpini huu ni mnene kwako, mwanangu. Tuuvue."

"Thubutu!" Ishbel aliivuta fimbo kifuani. "Hapa ndipo ilipokuwa mikono ya baba. Ukiuvua, nitabaki na nini?"

Senga aliweka mwiko chini. Kifo cha kaka yake kilimuuma yeye pia. "Tuvue mmoja tu," alisema taratibu. "Ukijuta, nitaurudisha mwenyewe."

Akachana kwa kisu raba iliyofunika mpini. Chini yake palikuwa na tepu, tabaka juu ya tabaka, zimezungushwa kwa ustadi wa kupendeza, pasipo hata kunyanzi moja. Ishbel alizibandua huku machozi yakimdondoka. Mwisho ikatokea ngozi kuukuu, nyembamba, nyeusi kwa jasho.

"Hii ya nani?"

"Ya babu yako, fundi cherehani, vidole vyake vyembamba kuliko hata vyako. Fimbo zilikuwa zake. Dougal alipozirithi, mipira yake ilikwenda kushoto mpaka tukamwita Kaa! Naye alilia kama wewe, eti haongezi kitu juu ya mpini wa baba yake. Mwishowe akazungusha hizo tepu, mpaka mpini ukamwenea."

Ishbel alishika ngozi ile. Kucha zikamchimba kiganja. Akacheka katikati ya machozi, akachukua tepu mpya, akazungusha kidogo, akapima vidole, akaongeza tena. Ncha zilipogusa kiganja kwa upole, akavisha raba mpya juu yake. Kisha akaivuta fimbo ya pili bila kuambiwa.

Kesho yake upepo ulikuwa mkali. Ishbel alisimama mbele ya Lorne na wachezaji wote, akapiga. Mpira ulipaa, ukaenda moja kwa moja hadi katikati ya uwanja, mbali na miiba.

"Lo!" Lorne alivua kofia. "Umepiga kama Dougal mwenyewe!"

"Dougal alipiga kama Dougal," Senga, aliyekuja kutazama, alidakia kwa fahari. "Huyu ni Ishbel."

Siku ile jina lake lilikuwa la kwanza kutajwa. Naye alikuwa ameishika fimbo ya babu na ya baba, lakini kwa mpini wake. Ama kweli, kila ndege huruka kwa ubawa wake.