Chungu Kizima Hakiogopi Konzi

Chungu kizima hakiogopi konzi. Ndivyo alivyosema mjomba wenu Lusajo leo mchana, wale wageni wa posa walipoomba kumuuliza binti yake maswali mawili matatu mbele ya wazee. Alisema hivyo, akacheka, akamwita binti aje. Ninyi vijana mkabaki mkitazamana: posa na chungu wapi na wapi? Haya, sogeeni karibu. Maneno haya yana mwenyewe, na yalianza hivi.

Huko chini, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kilikuwapo kijiji kiitwacho Isyeto. Ardhi yake ilikuwa mawe matupu, mahindi yalitoka membamba kama vidole, lakini udongo wake wa kufinyangia haukuwa na mfano. Kwa hiyo wanawake wa Isyeto walikula kwa kazi ya mikono yao. Walifinyanga, wakachoma, wakauza, na kwa vyungu walipata ndizi, mchele na nguo za watoto.

Miongoni mwao alikuwapo mjane mmoja, Atuganile, mama wa watoto watatu. Vyungu vya mwanamke huyu vilikuwa vyepesi kubeba na vigumu kuvunjika. Alivipaka ngeu, ule udongo mwekundu, kisha akavisugua kwa kokoto laini mpaka vikang'aa kama ngozi ya mtu aliyetoka kuoga. Atuganile alijua kwamba ana mkono mzuri. Hakujidharau hata kidogo. Ila kulikuwa na jambo moja lililomshinda: kukitaja chungu chake kwa mdomo wake mwenyewe. Mama yake alimlea kwa ule usemi wa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, naye akaushika kama amri. Alifinyanga, akanyamaza.

Vyungu vya kijiji kizima vilinunuliwa na mchuuzi mmoja, Mwasenga. Alikuja na wapagazi wake kila mwezi, akachukua vya huyu na vya yule, akavipanga pamoja, akapanda navyo milimani kwenye magulio. Huko juu hakuna aliyejua kipi kimefinyangwa na nani. Vyote viliitwa vyungu vya ziwani, basi.

Mwaka mmoja Mwasenga alikuja mikono mitupu, akakaa kwenye kigoda uani kwa Atuganile.

"Mama, sichukui tena," alisema. "Watu wa juu wamevikataa. Wanasema vinapasuka motoni. Siku hizi wanataka sufuria."

"Vyangu vinapasuka?" Atuganile aliuliza.

"Mimi nitajuaje ni vya nani? Vyungu ni vyungu."

Neno hilo lilimchoma kuliko habari yenyewe. Hata hivyo hakubishana. Alisema moyoni kwamba kazi nzuri haifichiki, watu watakuja wenyewe. Akaendelea kufinyanga. Mwezi ukapita, ukapita wa pili. Vyungu vikajaa ukumbini, vikahamia chumbani, watoto wakawa wanalala wamejikunja kwa kukosa nafasi. Na chakula kikawa cha kupimwa kwa kiganja.

Ndipo siku moja wifi yake, Bupe, dada wa marehemu mumewe, alipoingia na kujikwaa kwenye chungu mlangoni.

"Wifi," alisema huku akijisugua kidole, "hivi vyungu vyako humu ndani vinajiuza kwa nani? Kwa panya?"

"Kizuri chajiuza, Bupe."

"Kikionekana! Nani amekiona? Twende juu, wewe na mimi. Nitakusaidia kubeba."

Atuganile alitaka kukataa. Akawatazama watoto, akakubali.

Walichagua vyungu tisa, vile alivyovipenda kuliko vyote, wakavifunga kwa majani makavu ya mgomba na kuvipanga kwenye matenga mawili. Kulipopambazuka wakajitwisha, wakaanza kupanda. Ilikuwa safari ya kutwa nzima. Mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya mlimani iliteleza. Mchana Bupe alikanyaga vibaya, akaenda chini kwa magoti, tenga likagonga jiwe. Wakatua mizigo. Wakafungua, wakavigeuzageuza vyungu kimoja kimoja, hawakuona kilichovunjika. Wakashukuru, wakajitwisha tena. Usiku wakalala kwa ndugu wa Bupe, na asubuhi wakaingia gulioni.

Gulio lilikuwa kubwa, lenye makelele ya kila namna. Walipata nafasi katikati ya wauza ndizi na kijana mmoja aliyeuza sufuria, Gwamaka jina lake. Huyu alikuwa na mdomo! Aligonga sufuria kwa mwiko, akaimba, akawaita akina mama kwa majina. "Haipasuki! Haivuji! Ukiiangusha inaomba samahani yenyewe!" Watu walicheka, wakasogea, wakanunua.

Atuganile alivipanga vyungu vyake, akakaa nyuma yavyo, akakunja mikono.

"Wifi, sema neno," Bupe alimnong'oneza.

"Niseme nini? Vyungu si hivyo, vinaonekana."

Vilionekana kweli. Watu walisimama, wakavutiwa na ule wekundu, wengine wakainama. Kisha mmoja angesema, "Ni vya ziwani hivyo, usiguse," nao wangeondoka. Jua likapanda. Hakikuuzwa hata kimoja. Atuganile alihisi uso ukimwaka, si kwa jua, kwa hasira. Kila aliyepita alikuwa akimhukumu kwa kosa ambalo hakulijua.

Mara akaja bibi mmoja mrefu, mwenye mikono mipana ya mtu aliyepika maisha yake yote. Watu walimpisha. Huyo alikuwa Bibi Tupokigwe, aliyeitwa kupika kwenye kila arusi na kila msiba wa upande ule. Akasimama mbele ya vyungu, mikono kiunoni.

"Mmerudi," alisema. "Miezi michache iliyopita nilinunua chungu cha kwenu. Nikateleka humo maharage ya msiba wa watu arobaini. Kikapasuka katikati ya moto, maharage yote majivuni. Watu wakala ndizi kavu, mbele ya maiti. Aibu ile ni yangu au yenu?"

Gwamaka akaacha kugonga sufuria. Watu wakaanza kukusanyika.

"Bibi, shikamoo," Atuganile alisema. "Kilipasukaje?"

"Marahaba. Kilipasukaje! Kwanza nta ilichuruzika, ndipo kikaachia."

"Nta?"

"Nta, mwanangu. Kulikuwa na ufa, mtu akauziba kwa nta, akapaka ngeu juu yake."

Sasa Atuganile alikuwa ameelewa. Hakuna mwanamke wa Isyeto aliyeweka nta kwenye chungu cha kupikia. Nta hiyo iliwekwa njiani na Mwasenga, yule aliyesema vyungu ni vyungu. Na kwa kuwa vyote vilikuwa havina jina, doa la kimoja likawa la vyote.

Bibi Tupokigwe aliinama, akakunja ngumi, akanyoosha vifundo vya vidole kuelekea chungu kikubwa kuliko vyote. Na Atuganile, kabla hajafikiri, akatupa mkono wake mbele, akakifunika.

"Mbona unakificha?" bibi aliuliza polepole.

Atuganile aliutazama mkono wake mwenyewe, ule uliokanda udongo, uliosugua, uliopanga kuni. Alijiuliza: naogopa nini? Nani anayekijua chungu hiki kuliko mimi? Akauondoa mkono. Akasimama wima, na kwa mara ya kwanza maishani akapaza sauti juu ya kazi yake.

"Piga, bibi! Piga kwa nguvu zako zote. Mimi ndiye niliyekifinyanga, Atuganile wa Isyeto, na nimekichoma kwa mkono wangu. Chungu kizima hakiogopi konzi!"

Bibi akapiga. Chungu kikalia ngiii, sauti ndefu na safi, mpaka wauza ndizi wakageuka.

"Cha pili!" Atuganile alisema.

Kikalia. Cha tatu, kikalia. Cha nne vilevile. Watu wakaanza kupiga makofi na kuhesabu kwa pamoja. Cha tano kilipopigwa, kikatoa mlio mfupi, mkavu, kama gae lililotupwa jalalani.

Makofi yalikatika. Bupe aliweka mkono mdomoni, akikumbuka lile jiwe.

Kuna watu ambao hapo wangetafuta la kusema. Atuganile alikichukua kile chungu, akakiinua juani, akakizungusha polepole mpaka akauona ufa, mwembamba kama unywele, umeanzia ukingoni. Akamwonyesha bibi.

"Kimepata ajali njiani. Sikuuona ufa huu, lakini konzi lako limeuona. Asante." Akakiangusha kwenye jiwe, kikawa vipande. "Hicho hakiendi jikoni kwa mtu. Piga vilivyobaki."

Vinne vilivyobaki vikapigwa, vikalia vyote. Hapo watu hawakupiga makofi tena, walisogea. Kwa maana wauzaji wa kusifu mali yao walikuwa wamewaona wengi, lakini aliyevunja mali yake mwenyewe mbele yao hawakuwahi kumwona.

Atuganile hakuiacha nafasi ile ipoe. "Mlio ni wa masikio," alisema. "Ngojeni na ya tumbo. Wifi, tafuta mafiga!"

Bupe akaleta mawe matatu. Wauza ndizi wakatoa mkungu mmoja, kwa udadisi tu. Bibi Tupokigwe mwenyewe akakunja mikono ya nguo yake, akamenya, akatafuta nyanya na majani ya maboga. Chungu kikakaa motoni, moto ukakolezwa bila huruma. Watu walikitazama kama wanavyotazama mtoto anayejifunza kutembea. Kilianza kutokota. Hakikupasuka, hakikuvuja hata tone. Harufu ikazunguka gulio, na ndizi zilipoiva kila mtu alitaka kuonja. Gwamaka alikuwa wa kwanza kunyoosha jani lake.

"Mimi nauza sufuria," alisema mdomo ukiwa umejaa, "lakini sikuwahi kusema kwamba ndizi za chungu si tamu."

Kabla jua halijainama vyungu vilikwisha. Kile cha kwanza alikichukua Bibi Tupokigwe, akauliza, "Na nikitaka kingine, nitakijuaje kuwa ni chako, siyo cha yule wa nta?" Atuganile akaomba msumari, akachora kijisamaki kidogo chini ya ukingo. Tangu siku hiyo kila chungu alichokifinyanga alikichora samaki udongo ungali mbichi, ili kiingie motoni na jina lake.

Mwasenga alikuja tena Isyeto baada ya kusikia habari. Alisema yuko tayari kuchukua vyungu vyote, ila hao samaki waondolewe, maana wanaharibu urembo.

"Samaki ndiye mimi," Atuganile alimjibu. "Na njia ya juu naijua." Akaendelea kupanda mwenyewe kila mwezi, na baadaye wanawake wengine wakafuatana naye, kila mmoja na alama yake. Gulioni aliita kwa sauti kubwa kuliko hata Gwamaka: "Njooni mpige! Chungu kizima hakiogopi konzi!" Watoto wakamwiga wakienda kuchota maji.

Mpaka hapo yalikuwa maneno ya biashara tu. Yaligeuka methali mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa kijiji kilekile cha gulio. Kahawa ilikuwa imeibiwa ghalani, na kidole kikamwangukia mlinzi, mzee Mwandelile, mtu maskini asiye na wa kumtetea. Wakamwambia nyumba yake itapekuliwa. Wengi walidhani atalia au atagomba. Yule mzee alisimama, akavua kofia, akautupa ufunguo wake mezani.

"Nendeni," alisema. "Pekueni mpaka majivu ya jikoni. Chungu kizima hakiogopi konzi."

Watu waliangua kicheko, kwa sababu wote walijua yametoka wapi. Lakini hata kabla wapekuzi hawajaondoka, wengi walikwisha kumwamini. Wakapekua, hawakukuta hata punje. Baada ya siku chache mwizi alipatikana kwingine kabisa, na tangu hapo maneno ya Atuganile yakatoka gulioni yakaingia barazani, shuleni, na kwenye posa kama ya leo.

Basi nanyi mtakwenda duniani na kazi za mikono yenu, wengine na majina yenu tu. Watakuja watu watakaotaka kuwagonga ili wasikie mlio wenu. Kama umejifinyanga vizuri na moto umeupita, ondoa mkono wako, waambie wapige. Na wakikuonyesha ufa usioujua, washukuru. Mjomba Lusajo anamjua binti yake alivyolelewa, ndiyo maana alicheka.

Chungu kizima hakiogopi konzi.