Pa Nyamizi

Sogeeni karibu. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, na mwenye redio aizime, kwa sababu hadithi ya leo ni ya masikio. Mimi nitaisimulia mpaka mahali fulani, kisha nitawaachia ninyi, na msije mkasema sikuwaonya.

Tabora, si zamani sana, walikuwapo watu watatu, na kila mmoja Mungu alimjalia kitu kimoja akakikamilisha.

Fundi Makoye alijaliwa jicho. Alikuwa Msukuma mwenye kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko, na ukimletea chombo kilichokufa alikifungua, akakitazama kimya, kisha akakwambia kimekufa lini na aliyekiua ni nani. Mara nyingi aliyekiua ulikuwa wewe.

Mwamini alijaliwa miguu, na juu ya miguu akapewa subira. Kazi yake ilikuwa kununua vyuma chakavu, na hakuna kijiji kati ya Nzega na Kaliua ambacho hajakifikia. Kwa ajili ya kazi hiyo watu wote walimwita Mama Chakavu. Watoto wadogo walidhani ndilo jina alilopewa na baba yake.

Nyamizi alijaliwa sikio. Presha ya macho ilipomnyang'anya macho yote mawili, sikio likachukua kazi zote za nyumbani. Alijua nani anaingia kwa namna anavyovua viatu, na alijua kama maziwa yanakaribia kufurika kabla hayajapanda.

Katikati ya watu hao watatu alikuwepo Mzee Kapela, mume wa Nyamizi, mpiga gitaa la solo katika bendi ya dansi ya pale mjini. Huyu ndiye mwenye taabu katika hadithi yetu. Mshikeni vizuri.

Mwaka aliooa, Kapela alitunga wimbo mmoja. Unaanza taratibu, watu wanacheza wawili wawili kwa adabu. Kisha, kabla ya kuingia chemko, ile sehemu ya kasi, vyombo vyote vinanyamaza. Ndani ya ukimya huo gitaa linagonga noti tatu peke yake, na juu ya noti hizo Kapela anaita: Nya-mi-zi. Hapo ngoma zinaanguka na ukumbi mzima unasimama. Wenzake wakalifanya lile pengo kuwa neno la kazi. Mazoezini walisema, tuanzie pa Nyamizi. Wewe wa drams, umewahi pa Nyamizi.

Na hili mlijue. Nyumbani Kapela hakuwahi kumwita mkewe kwa jina. Alimwita Mama Shija, kwa jina la mtoto wao, kama desturi inavyotaka. Jina lake la usichana alilitamka mahali pamoja tu, katika lile pengo, mbele ya watu, kwa miaka arobaini.

Gitaa lake lilisemea kwenye amplifaya ya kizamani, ile yenye taa za kioo ndani, ambayo ukiiwasha unaisubiri ipate moto kama unavyosubiri pasi. Kila alasiri aliiweka barazani akapiga, na Nyamizi aliketi kwenye mkeka akimenya karanga. Kwa gitaa lile alimjua mumewe siku hiyo yukoje. Akiwa na homa alijua, na akiwa amegombana na mtu mjini alijua vilevile, kabla hajaambiwa neno.

Siku moja spika ya amplifaya ile ikatoa mlio wa bati linaloburuzwa, ikanyamaza. Kapela hakuuliza mtu. Alikwenda dukani akaomba spika iliyo bora kuliko zote, akapewa moja inayong'aa, sumaku kubwa kama chungu cha maharage, wati mia tano. Ilienea kwenye tundu lake sawasawa. Akaifunga mwenyewe, akaketi barazani, akapiga wimbo wake.

Nyamizi aliacha kumenya karanga, akainua uso na kutabasamu tabasamu la wageni.

"Karibu, mgeni," alisema. "Mwenyewe ametoka kidogo, lakini hachelewi."

Kapela aliliweka gitaa chini. Mtu ameishi na mke miaka arobaini, na leo anakaribishwa kwenye baraza yake kama muuza dawa za mbu. Aliposema ni yeye, mkewe aliona aibu akamshika mkono, akamwomba radhi mara mbili, tatu. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na yalimuuma Kapela kuliko vile alivyoonyesha.

Jumamosi mazoezini, mbele ya bendi nzima, na mkewe ameketi kwenye kiti chake karibu na ukuta, Kapela akasimama. Mnajua ulimi hauna mfupa. Alitaka kuahidi zawadi kubwa kuliko zote alizonazo, na kwa haraka yake hakuangalia zawadi hiyo ni ya nani.

"Atakayenirudishia sauti yangu," alisema, "Idi Pili nitaliita jina lake. Nitaliita pa Nyamizi."

Mpiga besi akakohoa. Nyamizi akaurekebisha mtandio wake kichwani, ingawa ulikuwa umekaa vizuri. Hapo ndipo Kapela akasikia alichokisema, lakini neno halirudi kinywani.

Wa kwanza kuja alikuwa Fundi Makoye. Hakusalimia hata vizuri. Aliiona ile spika mpya, akaenda kuchomoa waya ukutani. Akamwambia Kapela kwamba Wanyamwezi ni watani zake na hupenda kuwazika, lakini si kabla ya wakati wao. Kisha akaigeuza ile spika ya zamani iliyopasuka, akaifuta mgongoni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akaitazama juani kwa muda mrefu. Chini ya masizi ya miaka arobaini ilikuwapo namba iliyofifia ambayo hakuna mtu aliyewahi kuijali: kumi na sita. Hizo ni omu, kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Ile mpya ilikuwa ya omu nne. Akaeleza kwa lugha nyepesi kwamba amplifaya na spika ni kama ng'ombe wawili wa jembe moja. Ukimfunga asiyelingana na mwenzake, mmoja atakufa. Wiki moja zaidi na transfoma ingeungua, na transfoma ya mashine ile haipatikani tena popote. Akaandika kwenye kikaratasi: inchi kumi na mbili, omu kumi na sita, wati thelathini tu, sumaku ndogo, koni ya karatasi. Wenzake wote walidhani inatafutwa spika kubwa. Makoye peke yake aliona kwamba inatafutwa ndogo.

Wa pili alikuwa Mwamini. Alikichukua kile kikaratasi, akakifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka. Nzega alipata spika moja katika sinema iliyofungwa siku nyingi. Kaliua akapata nyingine ya kinanda cha kanisa kilichostaafishwa. Zote mbili zilikubaliana na karatasi, na mtu mwingine angerudi nyumbani kuoga. Lakini akasikia kwamba Urambo kuna bibi mmoja aliyekuwa akitunza klabu ya wakulima wa tumbaku enzi za dansi, na kwamba boksi la spika la klabu ile bado analo, uvunguni mwa kitanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwamini akainama, na kuku akamdonoa kidole.

Ndani ya boksi lile, nyuma ya spika, kuku alikuwa amelalia mayai kumi na moja. Bibi akasema spika atampa, wala hana kazi nayo, ila kuku mwenye mayai hasogezwi. Hajawahi kumsogeza na hataanza leo. Zilibaki siku tisa mayai yaanguliwe. Mwamini angeweza kubembeleza, au kungoja bibi aende kisimani. Badala yake aliomba mkeka, akakaa siku tisa katika nyumba ya mtu asiyemjua, akimsaidia kufunga tumbaku na kumsikiliza akisimulia dansi za ujana wake. Siku ya tisa vifaranga tisa vikatoka, mayai mawili yakawa viza. Mwamini akaifungua spika, akaipangusa, akaifunga kwa kanga yake ya pili, akasafiri nayo mapajani mpaka Tabora. Ilikuwa imechanika kidogo pembeni na ilinuka banda.

Wa tatu alikuwa Nyamizi mwenyewe. Spika zilikuwa tatu, namba zile zile, na moja tu ingeingia. Makoye akazifunga moja baada ya nyingine, na Kapela akapiga wimbo ule ule kila mara. Makoye aliipenda ya sinema kwa kuwa ilikuwa safi. Mwamini aliipenda ya kinanda, akasema inamtuliza moyo. Kapela akawatazama akakiri jambo alilolificha miaka mingi: kusimama pembeni ya drams kumemharibu masikio, na kwake yeye zote tatu zilikuwa nzuri tu. Ufundi alikuwa nao mkononi, sikioni haukuwapo tena.

Nyamizi aliomba asiambiwe ipi ni ipi. Kwa ya kwanza aliendelea kumenya karanga. Kwa ya pili pia. Ya tatu ilipoanza, mikono yake ikasimama, na uso wake ukageuka taratibu upande wa baraza.

"Baba Shija," alisema, "umekula mchana kweli? Mbona unapiga kama mtu mwenye njaa?"

Kapela hakuwa amekula. Wasiwasi wa siku ile ulimfanya aache ugali wake mzima jikoni, na hakumwambia mtu. Akainama juu ya gitaa akalia, na Fundi Makoye akajifanya anatafuta bisibisi. Ilikuwa ile spika ya kuku. Makoye alitaka kuiziba ile michaniko kwa gundi nyingi. Nyamizi akamwambia asiizibe sana, kwa sababu pale ndipo inapovutia pumzi. Akaiziba kwa karatasi nyepesi ya daftari, kidogo tu, kama alivyoambiwa.

Sasa ahadi. Ahadi ni deni, na Idi ilikuwa imekaribia.

Makoye alisema hataki chochote. Kisha, akifunga mkoba wake, akasema fundi hukumbukwa chombo kinapoharibika, kikipona anasahaulika, na kwamba Makoye kwa Kisukuma ni taabu. Angependa siku moja kusikia taabu ikiitwa mahali penye raha. Akacheka mwenyewe akaondoka.

Mwamini naye alisema hataki chochote. Alipofika getini akarudi. "Mzee," alisema, "ukilitaja, usitaje Mama Chakavu. Mimi ni Mwamini. Tangu mama yangu afariki, sijamsikia mtu akiniita hivyo."

Mkewe hakusema lolote siku nyingi, mpaka Kapela alipomuuliza mwenyewe, wakiwa wawili barazani. Nyamizi alipuliza maganda ya karanga kwenye ungo kwanza. Akamwambia aliahidi mbele ya watu, na mwanamume hali matapishi yake, ampe anayestahili. Kapela akadhani yamekwisha.

"Lakini nikwambie," aliongeza. "Tangu macho yaondoke, nikiwa ukumbini sioni mtu wala kitu. Unaponiita ndipo ninapojua kwamba nami nipo."

Kapela alihesabu silabi za majina kwa vidole, akitafuta njia ya kutokea. Labda gitaa lingemsaidia. Labda jina moja lingekataa kukaa kwenye noti tatu. Nya-mi-zi. Ma-ko-ye. Mwa-mi-ni. Yote yalikaa, hakuna lililozidi wala kupungua. Kuita matatu hakuwezekani, maana pengo ni la jina moja, na ukirefusha ukimya wale wa chemko wanapoa.

Mpiga besi, aliyempenda kama ndugu, alimshauri. Alisema hata likiitwa jina lingine, mahali penyewe patabaki kuitwa pa Nyamizi, kwa hiyo mama hapotezi kitu. Jioni yake huyo huyo akarudi akasema amefikiri tena, na hajui.

Idi Pili ikafika. Alasiri ukumbi ulijaa, kanga mpya zinanukia, watoto wana pipi mashavuni. Fundi Makoye alisimama mlangoni, amevaa shati la mikono mirefu ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Mwamini alikaa mbele, miguu yake imepumzika angalau siku hiyo, mikono juu ya mapaja pale pale alipoibeba ile spika. Nyamizi alikuwa kwenye kiti chake karibu na ukuta. Kapela alipiga, na ile spika ikapumua, na wazee waliokuwa wamekaa wakasimama kucheza wawili wawili kwa adabu.

Kisha vyombo vyote vikanyamaza.

Tazameni mambo yalivyo. Bila jicho la Makoye, amplifaya ingekufa na hakuna mtu angejua atafute nini. Bila miguu ya Mwamini na siku zake tisa za kumngojea kuku, spika yenyewe ingekuwa bado uvunguni Urambo. Bila sikio la Nyamizi, wangeichagua ile safi, na mzee angebaki mgeni barazani kwake mpaka kufa. Na jina ni moja.

Kidole cha Kapela kimeshagusa kamba. Makoye ameacha kuegemea mlango. Mwamini ameshusha macho. Nyamizi amegeuza uso upande inakotoka sauti, na anangoja kujua kama yupo.

Mzee amefungua mdomo. Mimi naufunga wangu. Je, wewe uliyekaa hapo ungeita jina la nani?