Kwa Nini Sanamu za Wayunani Hazina Macho

Mnaziona zile sanamu za Wayunani, nyeupe kama maiti, macho matupu? Msidhani fundi alisahau. Zamani zile jiwe lilikuwa linaona. Hekalu zima lilipakwa rangi, kuanzia vichwa vya nguzo hadi pindo la vazi la mungu, na macho ya sanamu ndiyo yaliyopakwa mwisho, kwa rangi iliyoyeyushwa ndani ya nta ya moto. Yakishafumbuka, viapo vyote vya mji viliapwa mbele yake, na aliyesema uongo alitoka pale kipofu. Sakafu ilikuwa ya kokoto nyeupe tupu.

Theano, binti wa mvunja mawe, alikuwa amesomea kupaka macho kwa fundi mkuu Nikandro mpaka ujana ukamwishia. Aliahidiwa kwamba akimaliza macho ya mungu wa kike wa hekalu jipya, atapewa kiti cha fundi karakanani. Mama yake alikufa akimwuliza, "Bado hujaitwa?"

Akayamaliza. Siku ya kufungua milango, Nikandro akatangaza kwamba kiti ni cha Filisko, mpwa wa liwali, bwana mdogo ambaye brashi aliijua kwa kuiona tu. Koneksheni, basi. Theano alipouliza, akajibiwa kwa upole ule unaotia kichefuchefu:

"Huna uzoefu, binti yangu."

"Na macho haya kapaka nani?"

"Filisko."

"Basi apa mbele ya mungu, mwalimu."

Nikandro akaapa, tena bila kumeza mate. Wakafuata mafundi wengine, wale wale waliokula kwenye sufuria yake, wakaapa mmoja mmoja. Theano alisubiri wapofuke. Macho yale aliyajua. Aliyapaka yaone vizuri.

Mungu yule akamtazama Nikandro kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Theano. Halafu nta ikaanza kulainika. Buluu ikateremka mashavuni, nyeusi ikaifuata, kahawia ikapita kifuani, zote zikadondoka na kuzama katika kokoto za sakafu. Palipokuwa na macho pakabaki jiwe.

Nikandro akafuta rangi kwenye makubadhi yake. "Mnaona? Hata kazi yenyewe haikushika."

Watu wakacheka. Theano akapiga magoti, akajaribu kuikusanya ile rangi kwa upindo wa nguo yake. Ilikuwa imeshaingia ndani ya mawe. Walimruka wakielekea karamuni.

Na tangu siku hiyo sanamu zile hazioni, hata ukizipaka upya rangi haikai. Kokoto za sakafu ndizo zenye buluu na nyeusi na kahawia, mafundi wakazipanga zikawa picha za simba na paa, wageni wakaja kusifu. Anayetaka kuapa huingia na viatu vyake, akayakanyaga macho, akaapa anavyotaka. Na akimaliza, hutoka akiona vizuri kabisa.