Tepu Nyeusi kwenye Dashibodi

Kung'aa kwa kioo si kuona kwa jicho.

Asubuhi hii mmemsikia fundi rangi akimwambia mteja maneno hayo, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza yametoka wapi. Mngemuuliza mwingine yeyote hapa gereji angetazama pembeni na kusema, "Kamuulizeni Mzee Nyagawa." Wananistahi, ndiyo maana hawasemi. Basi vuteni hayo matairi mkae, niwasimulie mwenyewe. Methali hii ilianza hivi, tena ilianzia kwangu, na si kwa jambo la kujivunia.

Kazi yangu, kama mjuavyo, ni vioo vya magari. Nimeifanya hapa Makambako miaka thelathini na mmoja, na kwa muda wote huo kioo cha mbele kilikuwa na ushahidi mmoja tu: maji. Ukishabandika kioo na gundi ikashika, unamwita mwenye gari akae ndani, unapanda na ndoo, unamwaga maji juu ya kioo kizima. Yeye anapapasa kingo kwa kiganja. Akikuta pakavu anatoka anacheka, watu wanapiga makofi, kazi imekwisha. Kioo changu hakikuwahi kupitisha tone. Nilijulikana kwa hilo mpaka Mafinga, na kichwa kilinivimba, sioni sababu ya kuwaficha.

Sasa, mwanangu Elifasi amemwoa binti wa Mwalimu Mbilinyi. Mwalimu alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na kila Jumapili ndiye aliyekuwa akisoma neno kanisani, kwa sauti yake ile isiyo na haraka. Mimi sikufika mbali shuleni. Alipokuwa akiniita "mzazi mwenzangu" mbele za watu nilijiona nimeongezeka kimo. Ninyi bado hamjaonja ukwe. Mbele ya mkwe hata kikohozi unakimeza, asije akakuona dhaifu.

Jicho la kushoto la Mwalimu lilikuwa limeanza kufifia. Daktari alimruhusu kuendesha mchana, lakini watoto hawakutulia, maana kila Alhamisi alikuwa akimpeleka mkewe kliniki ya kisukari, Njombe. Wakamnunulia gari lenye kamera ndogo juu ya kioo cha mbele, kwa ndani, inayotazama mistari ya barabara. Gari likianza kuuacha mstari, usukani unajivuta wenyewe taratibu kulirudisha. Elifasi alimfundisha vizuri: "Baba, usukani ukijivuta usishindane nao. Uache, unakusaidia." Mwalimu akalishika somo hilo kama alivyotaka wanafunzi wake washike jedwali la kuzidisha.

Siku moja lori lilirusha jiwe, kioo kikapasuka toka pembe hadi pembe. Angekwenda wapi tena, na mkwe wake ni fundi vioo? Akaniletea.

Kioo kipya kilifika bila kishikio cha kamera. Nikakibandua kile cha zamani, nikakibandika kwenye kioo kipya kwa kukadiria tu kwa macho, nikairudisha kamera mahali pake. Kabla sijamaliza, Elifasi akapiga simu kutoka Dodoma.

"Baba, hiyo kamera ikishatolewa lazima ipimwe upya. Isipopimwa, itaona barabara mahali isipokuwapo. Mpigie Atupele wa Mbeya, ana vifaa."

Atupele alijifunzia kazi kwangu. Baadaye akaenda kusoma zaidi, na siku moja alipita hapa na ubao wake wenye miraba myeusi na myeupe, akataka kunionyesha jinsi kamera za magari zinavyopimwa. Sikumpa nafasi. Nilimwambia mbele ya gereji nzima, "Binti, siku hizi magari mnayatengeneza kwa drafti?" Watu wakacheka. Yeye akafunga ubao wake, akaniambia "Haya, Mzee," akaondoka. Sasa ningempigiaje simu huyo huyo, aje anifundishe kazi mkwe wangu akitazama? Nikamwambia Elifasi, "Niachie mimi."

Nilipowasha gari, taa ya njano ya kamera ikawaka kwenye dashibodi. Ikazimika. Ikawaka tena. Mwalimu alikuwa tayari amefika, kakaa kwenye benchi hapo nje, na mama nyumbani kwangu ameshapika ugali, mkwe asije akaondoka na njaa. Nikachukua tepu nyeusi ya mafundi umeme, nikakata kipande kisichofika hata ukucha wa kidole gumba, nikakibandika juu ya taa. Dashibodi yenyewe ilikuwa nyeusi, hakuna ambaye angeona.

Kisha nikachukua ndoo. Nilimwaga maji siku ile kama sijawahi kumwaga. Mwalimu alipapasa kingo zote, akatoka anapiga makofi, na wapita njia wakamsaidia kupiga.

"Elifasi amenikazania habari ya kamera," akasema. "Imepimwa?"

"Imepimwa, mzazi mwenzangu."

Hivyo tu. Sikuapa wala sikupamba, akaridhika, tukaenda kula.

Alhamisi iliyofuata alitoka na mkewe kwenda Njombe. Walipofika kwenye msitu wa misonobari, barabara ikiwa nyeupe, haina gari jingine, usukani ukajivuta kushoto. Mwalimu alikumbuka aliyofundishwa. Hakushindana nao. Pembeni mwa barabara alikuwapo mtu anaitwa Kaduma, anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya viazi. Aliruka, lakini kioo cha ubavuni kilimpiga, mkono ukavunjika juu ya kiwiko. Baiskeli ikapindika, viazi vikatapakaa hadi mtaroni. Mke wa Mwalimu aliumia bega kwa mkanda.

Kioo changu cha mbele hakikupata hata mkwaruzo.

Hakuna aliyeuliza sana. Mzee mwenye jicho bovu amegonga mtu aliye kushoto, upande wa jicho bovu. Kuna la kuuliza hapo? Watoto walilia, wakamwomba aache kuendesha. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeweka funguo mezani. Alikwenda hospitali kwa Kaduma akamwambia, "Nisamehe ndugu yangu, macho yangu yamekwisha." Jumapili haikupita, akamwambia mchungaji atafutwe msomaji mwingine wa neno. Alisema anaogopa kuruka mistari. Ukweli ni kwamba alisikia watu nyuma yake wakinong'ona kuwa kipofu anataka kusoma. Mkewe akaanza kwenda kliniki kwa basi, na bega lile linauma.

Mimi nilijua. Nilipoambiwa tu kwamba gari lilivuta kushoto, nilikiona kile kishikio machoni pangu, jinsi nilivyokibana kwa kidole huku nikifumba jicho moja. Nilijua, na nikanyamaza wiki tatu. Na kunyamaza peke yake kungekuwa nafuu. Nilifunga kilo mbili za sukari nikaenda kumpa pole. Nilikaa kwenye kochi lake, nikamsikiliza anavyojilaumu, nikatikisa kichwa na kusema, "Ndiyo uzee, mzazi mwenzangu." Akanishukuru, akanisindikiza hadi barabarani, anatembea pole pole kwa sababu alikuwa ameanza kuamini kwamba haoni. Vijana wangu, nimefanya makosa mengi katika maisha, lakini kuna siku bado nikiona sukari dukani nasikia uso unaniwaka.

Wiki ya tatu Elifasi alikuja na mkewe, tukaitwa kikao nyumbani kwa Mwalimu kuamua gari liuzwe au la. Hawakuja wawili tu. Elifasi alimwita Atupele aje kutoka Mbeya, akisema si vibaya gari likatazamwa kwanza. Atupele aliingia, akasalimia wakubwa wote mmoja mmoja, na kwangu alipiga goti kama zamani. Kisha akamgeukia Mwalimu.

"Mwalimu, kabla sijagusa kitu naomba kuuliza. Kioo kilipobadilishwa, kamera ilipimwa upya?"

Aliuliza akitazama mkeka. Nadhani alishajua, akanisitiri kwa kutonitazama.

"Ilipimwa," Mwalimu akamjibu. "Mzazi mwenzangu huyu hapa aliipima, na aliniambia kwa kinywa chake. Usijichoshe na kamera, binti yangu. Ubovu uko hapa." Akagusa kope la jicho lake. "Kama ni mtu mwingine ningesema tuangalie tena. Lakini huyu tunachangia wajukuu. Hawezi kunidanganya."

Mama Mbilinyi akaitikia, "Hawezi."

Ningeweza kumeza na hilo, kama nilivyomeza mengine. Sijui ni nini kiliniinua. Labda ni ule wepesi aliosema nao, kama mtu anayesema jua limechomoza.

"Mwalimu," nikasema, "naomba wote twende kwenye gari."

Tulitoka. Nikafungua mlango wa dereva, nikamwomba Elifasi awashe. Nikaingiza ukucha chini ya kile kipande cha tepu, nikakibandua. Taa ya njano ikatutazama sote.

"Hiyo ni nini?" Mwalimu akauliza.

"Ni taa ya kamera. Ilikuwa ikiwaka tangu siku niliyokukabidhi gari. Mimi ndiye niliyeifunika."

"Na kupima?"

"Sikupima. Sijui kupima, Mwalimu. Niliona haya kusema sijui mbele yako."

Elifasi alisema "Baba!" mara moja tu, akanipa mgongo, akaenda kusimama karibu na uzio. Atupele alikuwa anatazama viatu vyake. Mama Mbilinyi alijishika bega, akaketi kwenye ngazi ya mlango.

"Kwa hiyo mume wangu anaona?" akaniuliza. "Wiki tatu namshika mkono kwenda chooni, kumbe anaona?"

"Anaona, mama. Alifanya alivyofundishwa. Gari ndilo lililopotea, na mimi ndiye niliyelipoteza."

Mwalimu alikisogelea kioo, akapitisha kiganja kwenye kingo zake polepole, kama alivyofanya siku ile ya maji. Niliomba moyoni anitukane. Mkwe akikutukana, walau na wewe una kitu cha kusamehe.

"Kioo chako ni kizuri, mzazi mwenzangu," akasema hatimaye. "Nimekisifu kwa kila niliyekutana naye. Lakini kung'aa kwa kioo si kuona kwa jicho."

Akaingia ndani. Hayo ndiyo maneno mliyoyasikia leo. Waliokuwapo waliyabeba, yakafika sokoni, yakafika gereji, na sasa husemwa kwa kila kazi inayopendeza nje na kuoza ndani, na wengi wanaoyasema hawajui kwamba yalisemwa juu ya mtu.

Kesho yake Atupele alitafuta sakafu iliyonyooka, akaipata kwenye ghala la mahindi. Alipima sakafu kwa pimamaji, akajaza magurudumu upepo sawasawa, akaning'iniza timazi mbele ya gari, akavuta uzi toka katikati ya gari hadi kwenye ule ubao niliouita drafti. Akahitaji mtu wa kushika ncha ya uzi. "Mzee, shika hapa," akaniambia. "Usisogee." Nilishika, saa mbili nzima, na sikusogea.

"Kishikio kimepinda nusu ukucha," akasema alipomaliza kutazama mashine yake. "Hapa ni nusu ukucha. Kule mbele barabarani ni zaidi ya mita moja."

Akakinyoosha, akaipima kamera upya mpaka taa ikazimika. Mtu niliyemfanyia kichekesho mbele ya watu alikuwa na nafasi ya kunirudishia, na hakuitumia.

Nilikwenda kwa Kaduma, nikamweleza yote. Alinitukana ipasavyo, nikamshukuru. Viazi vyake vilikuwa vimekomaa na mkono bado uko kwenye plasta, basi nilivichimba mimi na mkewe mpaka shamba likaisha. Jumapili niliomba ruhusa ya kusimama kanisani. Nilisema Mwalimu Mbilinyi si kipofu, nikasema ni nani aliyemfanya aonekane kipofu na kwa nini. Jumapili iliyofuata alirudi kusoma neno, wala hakuruka mstari hata mmoja.

Mtaniuliza kama alinisamehe. Alinisamehe. Tunakula pamoja, ananiita mzazi mwenzangu kama zamani. Ila kuna kitu kimoja kimebaki. Nikimwambia jambo lolote, hata nikisema mjukuu wetu homa imeshuka, ananitazama kwa upole na kuniuliza, "Umepima?" Hanitanii. Anauliza kwa sababu anataka kujua, na mimi ndiye niliyemfundisha kuuliza.

Kile kidoa cheusi mnachokiona ukutani juu ya benchi langu, mmoja wenu juzi alitaka kukikwangua akidhani ni uchafu. Ni ile tepu. Kiacheni hapo. Ndoo ya maji bado ninayo na bado naimwaga, kwa kuwa kioo kinachovuja ni kibaya vilevile. Lakini wateja wakishapiga makofi siwapi funguo. Nawaambia wasubiri, nampigia simu Atupele.

Sasa nendeni mkaendelee na kazi. Na mkisikia tena mtu akisema kung'aa kwa kioo si kuona kwa jicho, msicheke. Mjue kuna mzee mmoja aliyesomesha watoto wa watu hesabu miaka yote, akatembea wiki tatu ameshikwa mkono, na macho yake yanaona.