Figa la Nne la Bi Sihaba

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na sindano.
Ya nani?
Ya Bi Sihaba.
Ina tundu?
Inalo, na uzi umo.
Basi sogeeni, nishone.

Palikuwa na mama mmoja, jina lake Bi Sihaba, na kazi yake ilikuwa kushona mifarishi. Mfarishi ni tandiko la kulalia: chini kitambaa, katikati sufi, juu viraka vya kanga na vitenge vilivyoungwa kimoja kimoja. Kisha sindano hupita tabaka zote tatu, chu, chu, chu, mpaka pembe ya mwisho. Asubuhi Bi Sihaba alimwagilia bustani yake, mchana alishona, jioni alikula mchicha alioumwagilia. Hakutaka zaidi ya hapo.

Aliishi na paka watatu. Wawili, Madoa na Kijivu, walimfuata bustanini kuwinda panzi. Wa tatu aliitwa Shume, naye alikuwa mkubwa kama ndoo ya maji. Shume alikula dagaa zake, akala za Madoa, akala za Kijivu, kisha akaenda mlangoni kulia nyauuu, kwamba hajala. Bi Sihaba alimvumilia kwa sababu moja. Shume ndiye aliyepewa kazi ya kulinda kapu la sufi, panya wasiingie. Alililinda kwa kulala mbele yake.

Na ndani ya kapu aliishi Panya.

Aliingia Shume akiwa amelala, akatengeneza kiota Shume akiwa amelala, akazaa Shume akiwa amelala. Alizaa watoto wanne. Hawakuwa na manyoya wala macho yao hayajafunguka. Wakilia, Panya aliwafunika sufi, sauti ikaishia humo.

Asubuhi moja Bi Sihaba aliita juu ya ua wa makuti.

"Mwanahawa!"

"Abee!" aliitika jirani yake, na mchi haukusimama. Twa! Twa! Twa!

"Leo namaliza mfarishi wa mjukuu wako. Nirudishie kinu changu."

"Shoga, bado natwanga. Arobaini ya mtoto ni kesho, hutaki kula?"

"Nataka. Lakini nitashonaje bila kinu?"

"Tangu lini watu wakashona kwa kinu?"

Bi Sihaba alishona kwa kinu. Njia yake ilikuwa hivi. Kabla ya kutandaza sufi, alikitandika kitambaa cha chini sakafuni, akakinyunyizia maji, akakivuta kikanyooka, akakigandamiza kwenye pembe, kisha akakiacha kitulie wakati yeye anamwagilia bustani. Asiyefanya hivyo, alisema, anashona makunyanzi. Vya kugandamizia vilikuwa mafiga yake ya zamani, maana siku hizi alipikia jiko la mkaa na mafiga hayakuwa na kazi nyingine. Lakini mafiga ni matatu na kitambaa kina pembe nne. Pembe ya nne ilikuwa ya kinu.

Aliweka figa la kwanza, di! Akaweka la pili, di! Akaweka la tatu, di! Pembe ya nne ilikuwa mlangoni. Upepo ukaingia ukaichezea, papapa, papapa.

"Kaa chini," Bi Sihaba aliiambia pembe.

Papapa.

"Haya, pepea. Nikirudi kutoka bustanini natandaza sufi hivyo hivyo."

Akachukua ndoo yake akatoka. Madoa na Kijivu wakamfuata.

Panya alisikia. Bi Sihaba akirudi atatia mikono kapuni atoe sufi, na mikono hiyo itawakuta watoto. Ilibidi watoke sasa. Tundu la ukutani aliloingilia zamani lilikuwa limezibwa kwa udongo, kwa hiyo njia ilikuwa moja tu, mlango. Na mbele ya kapu alikuwa Shume. Siku hiyo hakuwa amelala, kwa sababu dagaa zilichelewa.

Mtoto mmoja akalia. Chwi!

Shume akasimamisha masikio. "Nani humo?"

Panya akawaza. Nikijificha ataingia kunitafuta, akiingia atawapata. Akapanda akakaa ukingoni mwa kapu, mbele ya macho yake.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Shuka nikule."

"Nashuka. Lakini utanilaje sasa hivi, na nafasi yako inachukuliwa?"

"Nafasi gani?"

"Kwani mfarishi huu ni wa nani?"

"Wa mjukuu wa Mwanahawa."

"Mtoto huyo ana urefu gani?"

Shume alikuwa amemwona. "Kama mkate."

"Na kitambaa hiki je?"

Shume akakitazama toka pembe hadi pembe. "Hiki kinanitosha mimi nikijinyoosha," alisema polepole, "na kichwa cha samaki kando."

"Sijasema kitu," akasema Panya. "Umesema mwenyewe."

Shume akakaa kitako. "Mbona Bi Sihaba hakuniambia?"

"Anajaribu watu kwanza. Mfarishi ni wa kutulia. Anayeshika pembe akatulia mpaka sindano imalize kazi, ndiye mwenye kuulalia. Mafiga yameshawahi, tazama. Imebaki pembe moja."

"Nishindane na mawe?"

"Ndivyo nilivyosema na mimi. Nikasema, Shume hawezi. Mawe yatamshinda tu, maskini."

"Nani hawezi?"

Shume akainuka, akatembea mpaka mlangoni, akajitupa juu ya pembe ya nne. Puu! Kitambaa kikaacha kupepea.

"Nikishaupata, wewe nakula," alisema.

"Tena utanila ukiwa umekaa juu yake, kama mtu wa heshima. Figa la kwanza likoje, bwana mkubwa?"

Shume akalitazama. "Tuli."

"La pili?"

"Tuli."

"La tatu?"

"Tuli."

"Na la nne?"

Shume akakaza mkia. "Tuli!"

Panya akazama kapuni. Akamng'ata mtoto wa kwanza ngozi ya shingo, akashuka, akakimbia juu ya kitambaa mpaka mlangoni, chini ya sharubu za Shume. Sharubu zikatikisika. Mwenye mtoto mdomoni hawezi kusema, kwa hiyo Panya alimlaza mtoto sakafuni, pale pale.

"Figa la kwanza, bwana mkubwa?"

"Tuli."

"La pili?"

"Tuli."

"La tatu?"

"Tuli."

"Na la nne?"

Shume akameza mate. "Tuli."

Panya akamnyanyua mtoto akatoka. Karibu na ukuta kulikuwa na matuta ya viazi vitamu, majani yamefunika udongo. Akamwacha humo, akarudi.

Akaja na wa pili.

"Huyo nani?" aliuliza Shume, midomo haifunguki sana.

"Mwanangu."

"Ana nyama?"

"Hana hata manyoya. Na ukiinuka pembe inajikunja, mawe yanacheka. Figa la kwanza?"

"Tuli. La pili tuli, la tatu tuli, la nne tuli. Pita!"

Akapita. Akarudi. Akaja na wa tatu, na wakati huo Shume alikuwa amefikiri. Kutulia ni kutulia kwa tumbo. Mkono hakuna aliyeutaja. Panya alipofika mlangoni, mkono ukatoka, pa! Ukatua juu ya mkia wake.

"Tuli," alisema Shume.

Mtoto akadondoka, akalala kifudifudi. Huko kapuni alikuwa bado mmoja. Na kutoka bustanini zikasikika ndara za Bi Sihaba, pwata, pwata, pwata, anakuja kujaza ndoo kwenye pipa nyuma ya nyumba.

Panya hakuvuta mkia. Alisema, "Umenishika vizuri. Usiniachie."

"Sikuachii."

"Kaa hivyo hivyo mpaka Bi Sihaba aje. Nataka aone panya wa nyumba hii ameshikwa na nani."

"Ataona."

"Atasema, Shume, baba, hongera. Kisha atauliza, huyu panya ametoka wapi?"

Shume akageuza macho kwenye kapu.

"Mimi nitamwonyesha," akasema Panya. "Nitasema, mama, nimetoka kwenye sufi yako. Kiota kile pale. Nimezaa humo, na mwanangu mwingine yumo. Ataniuliza, umeishi humo tangu lini? Nitamjibu tangu lini. Ataniuliza, na mlinzi alikuwa wapi?"

Ndara zikasimama kwenye pipa. Maji yakamiminika ndooni, shaaa.

"Sasa sijui," Panya aliendelea, "mlinzi huyo atapewa mfarishi, au atapewa mlango. Wewe unamjua zaidi."

Shume akautazama mkono wake kana kwamba ni wa paka mwingine. Akaunyanyua.

"Toka," alinong'ona.

"Nimebakiza mmoja."

"Basi kamchukue! Unasimama hapo unangoja nini? Mwanamke gani wewe, hujui kuhama?"

Panya akamtoa wa tatu nje, akarudi mbio.

"Haraka!" alisema Shume.

Panya akaingia kapuni. Mtoto wa mwisho alikuwa ameteleza chini kabisa ya sufi. Panya akatafuta, chaka, chaka, chaka.

"Umempata?"

"Bado!"

"Pwata, pwata," zilisema ndara, sasa zikija mlangoni.

"Mama, anakuja! Mtafute upande wa huku, karibu na mshikio! Ndiko wanakolia siku zote!"

Akili ya Panya ikasimama kidogo. Kumbe Shume alikuwa anawasikia siku zote, akaona uvivu kuinuka. Lakini haikuwa saa ya kuulizana. Akatafuta upande wa mshikio, akampata, akakivuruga kiota kikawa sufi kama sufi nyingine, akashuka, akakimbia. Upepo ulikuwa umesukuma mlango ukabaki ufa. Shume, bila kuinua tumbo, akausukuma kwa kisigino ukafunguka. Panya akapita, kivuli cha Bi Sihaba kikaingia.

"Ala!" Bi Sihaba alisimama kizingitini. "Shume! Nani kakufundisha kazi?"

Shume hakutikisa hata sharubu.

"Mwanahawa!" Bi Sihaba aliita. "Njoo uone, nimepata figa la nne!"

"Liko wapi?"

"Limelala mlangoni, lina mkia!"

Akatoa sufi kapuni, akaichambua, akaitandaza. Akaweka viraka juu yake. Akakaa chini miguu ameinyoosha, akaanza. Chu, chu, chu. Madoa na Kijivu wakaingia, wakamtazama mwenzao, wakatazamana.

"Anaumwa?" aliuliza Madoa.

"Ameshiba," alisema Kijivu.

"Dagaa hazijaja."

"Basi anaumwa."

Dagaa zikaja. Kwa mara ya kwanza tangu wafike nyumba ile, Madoa alikula dagaa za Madoa na Kijivu akala dagaa za Kijivu. Walisubiri kidogo. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyekuja, wakala na za Shume. Shume aliona yote. Figa la kwanza tuli, la pili tuli, la tatu tuli.

Sindano ikafika pembe yake. "Inuka, baba, nimalizie."

Shume akafumba macho.

Bi Sihaba akashona akimzunguka, hapa tumbo, hapa mkia. Alipofika mahali hapazungukiki tena, akashika pembe akaiinua kama mtu anayemwaga unga. Puu! Shume akawa sakafuni. Fundo likapigwa, uzi ukakatwa, mfarishi ukakunjwa, Mwanahawa akaja kuuchukua. Akaupapasa kushoto na kulia asipate kunyanzi hata moja.

"Umetulia huu," alisema. "Ila hapa pana manyoya."

"Ya fundi mwenzangu."

"Basi kinu kibaki kwangu, shoga. Wewe unacho kinachojileta chenyewe."

Wakacheka wakatoka.

Shume akabaki na mafiga. Akaliendea la kwanza, akalinusa. "Wewe umepewa nini?"

Figa halikusema kitu.

"Na wewe?"

La pili halikusema kitu. La tatu hakuliuliza. Akakaa, akafikiri, akapata jibu. Hawa wametulia kuliko mimi. Mimi nilitoa mkono. Siku nyingine sitatoa mkono.

Ndiyo sababu mpaka leo ukitandika kitambaa chako sakafuni ukageuka kutafuta mkasi, ukirudi utamkuta paka amelala pembeni, amefumba macho. Ukimwambia inuka, hainuki. Anashindana na mawe. Naye Panya, kwenye matuta ya viazi, amezaa tena.

Sasa watoto, mafunzo ya ngano hii ni haya. Uongo ni mbaya. Panya alisema uongo, na mmeona yaliyompata: watoto wanne wazima na shamba la viazi. Shume alishika kazi yake bila kutikisika, akakosa mfarishi, akakosa panya, akakosa dagaa. Kwa hiyo shikeni kazi zenu, msitikisike.

Nani anacheka huko nyuma? Nimesema msitikisike.

Uzi wangu umeisha, fundo nimepiga. Ikiwafaa, jifunikeni. Ikiwachoma, sindano nirudishieni mwenyewe.