Sange, Mamba na Kopo Lisilofunguliwa

Waliopo, mpo?
— Tupo, na masikio tunayo!
Niyatie nini?
— Yatie uongo uliopikwa ukaiva!

Hapo kale, katika bonde la Mto Mbwiga, nyasi za upande huu zilikwisha. Digidigi alikuwa na mtoto mchanga, na maziwa yakaanza kumkauka. Nyasi zilibaki ng'ambo tu. Lakini mto ulikuwa mweusi kwa tope, na ndani ya tope alilala Mamba, haonekani.

Wanyama wakaunda mashine ya kuona ndani ya maji. Desturi yao ilikuwa moja: kila kipande kitangazwe hadharani kilivyoundwa, ili mnyama wa bonde lolote aweze kuunda chake. Fuko akatangaza magurudumu. Mnana akatangaza nyuzi. Kikakosekana kitu kimoja: kiendeshi, yaani kile kinachokiambia kioo cha mashine namna ya kuchora picha. Hicho alikuwa nacho Mamba peke yake, ndani ya kopo lililofungwa, chini ya ulimi wake.

"Nawapa bure," alisema Mamba. "Ila msilifungue, msiliige, msipeane. Atakayelitumia aje mwenyewe, aseme: Nimekubali."

Ngiri akaenda. "Nimekubali!" Chubwi! Ngiri hayupo.

Tohe akaenda. "Nimekubali!" Chubwi! Tohe hayupo.

Akasimama Sange. Wengi humwita panya, si panya. Ni sange, mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo. Akapanda jiwe refu kando ya mto.

"Shikamoo, babu Mamba."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mbali? Shuka nikuone."

"Nina swali tu. Lazima aje yule atakayelitumia?"

"Yeye hasa! Simpi mtu wa kutumwa."

"Na akikubali, utafungua kinywa?"

Mamba akacheka, khe khe khe. "Nitakifungua chote!"

Sange akarudi. Korongo, mkaguzi wa mashine, akamkunjia uso. "Sipitishi kopo nisilojua ndani mna nini."

"Usilipitishe, mzee. Tangaza hivi: kopo halimo humu, mashine italifuata yenyewe. Anayelitumia ni nani, kama si mashine?"

Korongo akafikiri kwa mguu mmoja. "Mh! Kweli halimo," akasema, akapitisha.

Sange akaichongea mashine tundu la kupokea kopo, akaifundisha neno moja, akaifunga kamba. Mashine ikateremka, kiri-kiri-kiri, hadi majini.

"Nimekubali!"

Mamba akapanua kinywa. Kwacha! Akauma chuma, meno yakaruka. Kopo likaporomoka tunduni: to!

"Vuteni!"

Wakavuta. Kioo kikawaka.

Mto mzima ulikuwa wazi mbele yao: kila jiwe, kila samaki na kivuli chake, kambare wakitikisa ndevu chini ya tope. Tembo akapiga magoti.

"Haya yote yalikuwapo siku zote?" Digidigi aliuliza kwa sauti ndogo.

Na kopo lilikuwa vilevile, limefungwa. Hawakujua ndani mna nini. Walijua tu kwamba linachora.

Mamba akatoka majini kwa hasira. "Nirudishieni changu!"

Sange akamgeuzia jicho la mashine. Mamba akajiona kiooni, gamba kwa gamba, maji yakimtiririka kama shanga.

"Nani huyu?"

"Ni wewe, babu."

"Mimi... nang'aa hivi?"

Akalala mchangani, kinywa wazi, hapepesi. Nyuma ya mkia wake Digidigi aliingia mtoni na mtoto wake, chapu-chapu-chapu, wakatokea ng'ambo. Mama akala majani mabichi, na mtoto akanyonya.

Ngano imefika ukingoni. Mwenye ulimi mrefu na airefushe.

— Na funzo lake, babu?

Funzo? Mkipewa masharti na mwenye meno, msiulize swali lolote. Semeni nimekubali, upesi. Ngiri alifanya hivyo, na mpaka leo hajalalamika.