Shimo la Bi Kaa

Hapo zamani, mto ulipokuwa umepungua na kuacha bwawa dogo nyuma yake, samaki mmoja aitwaye Kidawa alikuwa akikwangua utelezi wa kijani kwenye jiwe, chakula cha jioni cha watoto wake. Mara chura akajitosa majini akihema.

"Shoga, acha kukwangua! Nimetoka juu, mfereji unaotuletea maji umekauka. Siku tatu tu, hapa patakuwa tope."

Kidawa hakuacha. Watoto kumi na wawili hawashibi habari. "Na shimo la Bi Kaa?"

"Lina maji. Ila Bi Kaa anasema lina pumzi ya mama mmoja na watoto wake, mpaka mvua. Familia mbili hachanganyi, na familia moja haigawi."

Mama mmoja. Na bwawani walikuwa wawili.

Wa pili alikuwa Mwanahawa. Ukiwatazama ungesema ni mapacha. Lakini Kidawa alizaa wa kike na wa kiume, kila mmoja na sura yake. Mwanahawa alizaa mabinti watupu, na kila binti alikuwa yeye mwenyewe tena, hata kidoa cha chini ya jicho. Wote aliwaita Mwanahawa. Akiita mmoja, waligeuka wote.

Dume aliyekomaa alikuwa mmoja tu, Shomari, mume wa Kidawa. Mayai ya Mwanahawa hayakuchukua kitu kwa dume, hata gamba moja. Lakini dume asipoyapitia, hayaamki. Basi Shomari aliyapitia.

"Maji yalikuwa machafu," alijitetea. "Nilidhani ni wewe."

"Kila mwezi?" Kidawa aliuliza.

Jioni ile wote walikwenda mlangoni kwa Bi Kaa. Kidawa alibeba utelezi wake mdomoni, akautua, ndipo akasema hodi.

Mwanahawa alianza. "Mimi ndiye niliyelijaza bwawa hili. Mwenzangu nusu ya uzazi wake ni madume, hayatagi hata yai. Wangu wote wanataga. Korongo alipokuja kuwinda, alishiba nani? Alishiba wanangu. Alikula mpaka akalala, wa Kidawa wakapona. Nimelipa tayari. Nipisheni niingie."

Kidawa alijua kuwa ni kweli. Aliwaona wale mabinti wakienda mdomoni mwa korongo. Hata hivyo alikuwa na watoto nyuma yake, akasema.

"Pole, dada. Lakini minyoo wa mashavu, wale wanaokaba pumzi, walipokuja je? Mnyoo aliyejua kuingia kwa binti yako mmoja alijua kuingia kwa wote. Walikuwa mia mbili, wamebaki kumi na watatu. Wangu kila mmoja ana shavu lake. Mnyoo alihangaika, akakwama katikati yao, na hao kumi na watatu walipona kwa kujificha nyuma ya wanangu. Tena hao unaowaita hawatagi, kesho ndio watakaoamsha mayai ya wanao."

Mwanahawa aliwasogeza mabinti zake karibu. Naye alijua.

"Na mimi?" Shomari akasogea. "Madume hao bado wachanga. Mvua ikirudi kabla hawajakomaa, nani ataamsha yai? La huyu au la yule, lipi liliamka bila mimi?"

"Mwili wako ni sawa na watoto wanne," alisema Bi Kaa. "Ukiingia, wanne wanatoka. Mimi sigawi familia; wachague wewe, baba."

Shomari aliwatazama watoto, akarudi nyuma kidogo. Hakuondoka.

Bi Kaa alikaa mlangoni, gando moja ndani, moja nje. "Nimewasikia. Kila ninayetaka kumfukuza, namwona ana haki. Kwanza lisheni watoto, kelele zao zinanizidi."

Kidawa akatandaza utelezi juu ya jiwe. Hakuwagawa. Walikula wamechanganyika, na yeye akahesabu kama kila jioni: kumi na wawili. Kwa kuwa mama mwenzake hakuwa na kawaida hiyo, akamhesabia pia: kumi na watatu. Shomari alikuwa pembeni, akilamba makombo. Wote wapo.

Juu, kivuli cha korongo kilipita majini, kikasimama.

Basi ninyi mlionisikiliza, Bi Kaa bado ameshikilia mlango na maji yanashuka. Je, nani alistahili kuingia?